Umenunua pikipiki ya mtumba? Usirithi na maumivu ya mwenzio

Leo naomba tuweke pembeni mbolea na viuatilifu, tuongelee chombo kinachotufikisha shambani: pikipiki. Najua wapo watakaosema bwana shamba amekosa cha kuandika. Vumilieni kidogo, mtaona tunaishia shambani hapo hapo.

Kila mwaka korosho zikishauzwa napigiwa simu za aina moja. "Bwana shamba, nimepata Boxer ya mtu, iko vizuri, nianze na nini?" Wengine hawaulizi. Unakutana nao Maili Moja wiki moja baadaye, pikipiki ina spika mbili, taa za rangi chini ya injini, stika hadi kwenye madigadi, na mwenye nayo amejikunja kama mtu aliyebeba gunia la mkaa. Ukimuuliza breki anakuambia, "Hiyo nitaifanyia baadaye."

Msimamo wangu ni huu: pikipiki ya mtumba ukishailipia na kadi ukaihamishia jina lako, hela inayofuata iende kwanza kwenye vitu vinavyoshika ardhi, halafu kwenye vitu vinavyogusa mwili wako. Mapambo yasubiri. Na hili la mwili sio starehe wala ulegelege, ni kazi.

Hebu fikiria jembe. Hakuna mkulima anayepewa jembe la mwenzake lenye mpini mfupi akalima nalo msimu mzima huku limemkunja. Atachonga mpini wa kimo chake. Bomba la kupulizia dawa vilevile, kabla hujaanza mstari wa kwanza unavuta mikanda mpaka likae mgongoni sawasawa. Lakini pikipiki ya milioni moja na nusu tunaipanda vile vile tulivyoikuta, imekaa kwa mwili wa mtu mwingine na kazi ya mtu mwingine, miaka mitatu. Tunaumwa mgongo, tunasema ni uzee. Uzee gani na una miaka thelathini na kitu?

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta.

Mwezi wa Aprili 2022 serikali ilianza kugawa pikipiki kwa maafisa ugani nchi nzima, Rais Samia akazindua zoezi lile Dodoma. Kwetu sisi lilikuwa jambo kubwa, maana ugani bila usafiri ni kukaa ofisini na kusubiri wakulima wakufuate. Mimi nilihamia kituo hiki baadaye, nikakuta pikipiki ya ofisi ina mtu wake, na ni haki yake. Naishi Tumbi. Wakulima ninaowahudumia wako mbali na lami, na wengine nawasaidia nje ya kazi mpaka upande wa Kisarawe, ile barabara ya kutoka Mlandizi kwenda Mzenga na Maneromango. Daladala haikufikishi kwenye mashamba yale. Nikajichanga, nikanunua Boxer 150 ya kijana wa bodaboda kwa shilingi 1,450,000. Injini ilikuwa nzima kabisa, inawaka kwa kiki moja. Nikaona nimepata.

Sikujua kwamba nimenunua na mwili wa yule kijana. Yeye ni mfupi, mimi mrefu. Usukani alikuwa ameuvutia kwake, leva za klachi na breki zimeelekea juu, nikizishika viganja vinakunjika. Siti imebonyea pale alipokaa miaka minne, nikikaa natelezea kwenye tangi. Shokapu za nyuma ziko kwenye alama ya mwisho, ngumu kama jiwe, kwa sababu yeye alikuwa anabeba abiria wawili na mzigo. Mimi nabeba begi na vipimo vya udongo. Kila shimo lilikuwa linanipiga moja kwa moja kiunoni.

Wiki ya kwanza nikasema nitazoea. Wiki ya pili vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Wiki ya tatu nikawa nikishuka kwenye pikipiki nasimama kwanza, nashika kiuno, ndipo nawasalimia watu. Wakulima wakawa wananicheka, "Bwana shamba umezeeka."

Sasa sikilizeni. Alhamisi moja katikati ya masika, mama mmoja mtu mzima upande wa Soga akanipigia simu. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini. Akaniambia majani yana madoa meupe kama vidirisha, na ameona viwavi vidogo sana. Nikajua mara moja: viwavijeshi vamizi, hawa walioingia nchini mwaka 2017. Na ninyi mnaonisoma mnajua ninachosema kila msimu. Kiwavi huyu anadhibitiwa akiwa mdogo, angali juu ya jani. Akishaingia ndani kwenye kifuko cha majani machanga, anajifukia na uchafu wake unaofanana na unga wa mbao, dawa haimfikii. Siku nne tano ni nyingi mno.

Nilikuwa nimetoka kuzunguka siku mbili mfululizo. Nikamwambia, "Mama, kesho asubuhi nakuja." Ijumaa nikaamka mgongo umekaza, mvua inanyesha, nikaangalia ile pikipiki, nikaangalia tope, nikasema Jumamosi. Jumamosi nikasema Jumatatu. Kumwelekeza kwa simu nilijaribu, lakini yeye hakuwahi kununua dawa ya kiwavi huyu, alikuwa ananisubiri nimwonyeshe.

Jumatatu nilipofika viwavi walikuwa ndani. Tulifanya tulichoweza, tukapitia mche kwa mche, wengine tukawatoa kwa mkono. Lakini sehemu kubwa ya ekari ile haikutoa kitu cha maana. Yule mama hakunigombeza. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba." Kisha akasema taratibu tu, "Mwanangu, ulisema kesho."

Mpaka leo hilo neno halijanitoka. Ningeweza kusingizia mvua, ningeweza kusingizia wingi wa vijiji. Ukweli ni kwamba wapo wenzangu walitembea kwenye mvua ile ile. Mimi sikwenda kwa sababu mwili ulikuwa unaogopa kile chombo. Afisa anayeumia njiani, mkulima anayeachwa ni yule wa mwisho kabisa, aliye mbali. Na mkulima anayeumwa mgongo kwa pikipiki atapunguza kwenda kuangalia shamba lake, atakuwa anakwenda mara moja kwa wiki badala ya mara tatu, wakati wadudu hawana ratiba hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa fundi na hela mkononi. Haya ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio ninaowashauri.

Kwanza, vinavyoshika ardhi

Kabla ya kuongelea kukaa vizuri, hakikisha chombo kinasimama. Boxer na TVS nyingi tulizonazo zina breki za ngoma mbele na nyuma. Mwambie fundi afungue ringi zote mbili, uone breki shuu kwa macho yako. Usikubali kauli ya "hizi bado zina maisha." Pikipiki iliyofanya bodaboda mara nyingi breki ya mbele imelegezwa kabisa au haifanyi kazi, kwa sababu vijana wengi wanaamini inapindua. Sio kweli kwa namna wanavyodhani. Ukishika breki uzito unahamia mbele, kwa hiyo kwenye lami breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha hasa. Kinachopindua ni kuibana ghafla, au kuibana kwenye mchanga na tope wakati usukani umekata kona. Irekebishe ifanye kazi, kisha jifunze kuitumia taratibu pamoja na ya nyuma.

Sisi tunaokaa Tumbi hatuhitaji kuhubiriwa sana kuhusu hili. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapa, na Barabara ya Morogoro inapita karibu na malori yake usiku na mchana. Majeruhi wa barabara ile wanaletwa hapa. Ukisikia king'ora unajua.

Baada ya breki angalia tairi. Kipara ni kipara, hata kama hakijatoboka. Kama safari zako nusu ni lami na nusu ni vumbi, chukua tairi yenye meno ya wastani, sio ile laini ya mjini wala ile ya mashindano yenye meno makubwa, maana hiyo kwenye lami yenye maji inateleza. Upepo usipimwe kwa kidole gumba. Kwa pikipiki nyingi za aina hii mbele huwa kama 25, nyuma kama 28 ukiwa peke yako, na unaongeza nyuma ukibeba mtu au mzigo. Namba kamili iko kwenye kitabu cha pikipiki au stika yake. Upepo ukizidi, kila kokoto utalihisi mgongoni. Ukipungua, spoku zinalegea na ringi inapinda kwenye shimo.

Cheni ikae na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati, upande wa chini. Kama meno ya sproketi yamechongoka kama meno ya papa, badilisha cheni na sproketi zote kwa pamoja. Cheni mpya kwenye meno ya zamani inaliwa mapema, umepoteza hela mara mbili. Uliza pia kama sproketi ya nyuma ni ya saizi yake. Wapo wanaofunga ndogo ili pikipiki ikimbie barabara kuu, lakini ukifika kwenye kilima na tope huku una mfuko wa mbolea nyuma, inachoka na klachi inaungua.

Kisha simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, nyanyua mbele, zungusha usukani kushoto na kulia. Ukihisi unakwama katikati kama una kishimo, beringi za usukani zimekwisha. Mwaga oili ya injini weka mpya, kwa sababu neno la muuzaji kwamba "nimebadilisha juzi" halina risiti.

Pili, marekebisho yasiyo na gharama

Hapa ndipo watu wengi wanashangaa, maana hayahitaji hela, yanahitaji spana mbili na nusu saa. Nusu ya maumivu yangu yaliishia hapa.

Leva. Kaa kwenye pikipiki kama unavyoendesha, nyoosha mikono, weka vidole juu ya leva za klachi na breki. Mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole unyooke. Kama kiganja kinakunjika kwenda juu au chini, legeza bolti ya leva, izungushe mpaka ikae, kaza. Ile ganzi ya vidole yangu ilipungua sana ndani ya wiki moja, na sikununua kitu.

Klachi nayo iwe na mchezo mdogo mwanzoni, milimita 2 au 3 hivi. Ikibana sana inateleza na kuungua, ikilegea sana gia zinagoma na mkono unachoka kwa kuvuta. Kama waya ni mkavu, utie oili au ubadilishe.

Shokapu za nyuma. Chini ya springi kuna ringi yenye ngazi, kwa kawaida kama tano. Ukiwa mwenyewe na mzigo mdogo, irudishe ngazi ya kwanza au ya pili. Ukibeba gunia, ipandishe. Muhimu: pande zote mbili ziwe ngazi moja. Nimekuta pikipiki kushoto iko ya mbili, kulia ya tano, na mwenye nayo analalamika inavuta upande.

Pedeli ya breki ya nyuma na gia. Sisi watu wa shamba tunavaa gambuti. Gambuti ni nene na hainyumbuki, kwa hiyo pedeli iliyowekwa kwa mtu wa kandambili inakufanya unyanyue goti kila ukitaka kushika breki. Shusha pedeli kwa nati yake, kisha rekebisha tena mchezo wa breki, usisahau. Pedeli ya gia nayo inachomolewa kwenye shimo lake lenye meno, unaisogeza jino moja juu au chini, unairudisha. Jaribu ukiwa umevaa kile unachovaa kazini, sio viatu vya kanisani au msikitini.

Vioo. Kwa vijana wengi saitimira ni kitu cha kuonyesha askari. Virudishe viwili, vielekeze nyuma uone barabara, sio kiwiko chako. Kwenye Barabara ya Morogoro kujua kuna lori nyuma yako kabla ya kukata kulia ni jambo la uhai.

Tatu, siti na usukani

Siti iliyobonyea haitibiki kwa kuwekea taulo. Nenda kwa fundi wa siti, lakini usimwachie akuamulie. Wengi wanajaza vipande vya godoro laini. Siku ya kwanza unajiona umekaa kwenye kochi, mwezi wa pili umerudi kwenye bati. Omba sponji ngumu chini, laini kidogo juu, na pale unapokaa pawe bapa, pasielekee kwenye tangi. Kama wewe ni mfupi usikubali kujaziwa urefu. Miguu yote miwili ifike chini vizuri, maana kwenye tope mguu ndio stendi yako ya kwanza. Akina mama na akina dada wenzetu wa ugani hili mlisimamie kwa sauti. Siti inaweza kupunguzwa kama inavyoongezwa, usiambiwe "pikipiki ndivyo ilivyo."

Usukani, kama ulikuwa umepinda kwa ajali au umebadilishwa, rudisha wa saizi yake. Mimi nilibadilisha kwa sababu wa yule kijana ulikuwa umevutwa. Kabla ya kununua mwingine jaribu kulegeza vishikio na kuuzungusha kidogo mbele, huenda ikatosha. Ukishafanya hivyo, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia injini ikiwa inaunguruma. Injini ikipandisha mlio yenyewe, waya wa mafuta umevutika, na huo ni mtego wa kifo kwenye kona. Rekebisha kabla ya kuondoka hapo.

Nne, mzigo, tope na abiria wako

Keria imara, iliyofungwa kwenye fremu na sio kwenye madigadi, ndiyo inayobeba maisha ya mkulima. Mzigo mzito ukae karibu na siti na chini iwezekanavyo. Keria ndefu inayotokeza nyuma inanyanyua gurudumu la mbele, na pikipiki isiyokanyaga mbele haikati kona. Wafugaji wenye kubeba chanjo za kuku kwenye kibebeo cha ubaridi, weka kipande cha sponji chini na mkanda mpana juu, kisirukeruke na kisipigwe jua moja kwa moja.

Kwa wanaokwenda bondeni Ruvu kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi: madigadi ya mbele iliyokaribiana na tairi inajaa udongo mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Fundi anaweza kuinyanyua kidogo kwa kuongeza vipande kwenye bolti. Usiing'oe kabisa kama wengine wanavyofanya, utakula tope usoni na injini itakula pia.

Jambo lingine ambalo watu hawalijui. Pikipiki hizi za Kihindi, Bajaj na TVS, zimetengenezwa zikiwa na kinga ya chuma pembeni ya gurudumu la nyuma, kwa ajili ya akina mama wa kule wanaovaa sari na kukaa upande. Hapa kwetu bodaboda wengi wanaing'oa, wanaona haina kazi. Kazi inayo. Mama zetu wanavaa kanga, dera na mabaibui. Nguo ikinaswa kwenye spoku mtu anavutwa chini. Kama yako imeng'olewa, mchomeleaji anaweza kukutengenezea kwa gharama ndogo. Mke wako, mama yako na mwanao watapanda nyuma hapo. Na kofia ngumu iwe mbili, yako na ya abiria, zenye mkanda unaofungwa.

Visivyo na haraka, na visivyofaa kabisa

Kukata bomba la moshi ili pikipiki ilie: hakuongezi nguvu unazozidhani, kunachosha masikio yako na kukimbiza kuku wa watu. Kubadilisha rangi: kumbuka rangi imeandikwa kwenye kadi, utajitafutia maelezo mbele ya askari. Taa kali nyeupe zinazopofua anayekuja: kwanza rekebisha taa uliyonayo ielekee barabarani, wengi taa zao zinamulika minazi. Spika na muziki: sikatazi, ila ukimaliza hayo ya juu.

Wapo mafundi na marafiki watakaokupinga. Hoja ya kwanza nimeisikia sana: "Pikipiki ya kazi sio ya starehe, mwili utazoea." Mwili hauzoei, unajificha. Unaanza kukwepa safari bila wewe mwenyewe kujua, kama mimi nilivyofanya. Hoja ya pili: "Hela imeishia kwenye kununua." Hii naielewa, maana mshahara wa stashahada naujua. Ndiyo maana nasema punguza bei ya kununulia. Kama una 1,500,000, tafuta ya 1,300,000, inayobaki ni ya matengenezo. Pikipiki ya mtumba haina bei moja, ina bei ya muuzaji na bei ya fundi.

Mimi kwa bei za wakati ule nilitumia hivi: breki shuu mbele na nyuma 16,000, tairi ya nyuma na tyubu 58,000, cheni na sproketi 35,000, oili 12,000, siti 35,000, usukani 20,000, keria na kinga ya nguo kwa mchomeleaji 30,000. Jumla 206,000. Siku ile ile, duka la jirani, kijana alikuwa anafungiwa muziki na taa kwa 180,000. Sikumsema, hela ni yake. Lakini nilijiuliza yeye na mimi nani atafika Maneromango na kurudi akiwa bado ana nguvu ya kushika jembe.

Kama pikipiki ni ya ofisi, usikate wala kuchomelea chochote bila ruhusa, ile ni mali ya serikali. Ila leva, shokapu, vioo, pedeli na upepo ni marekebisho ya kawaida ya mwendeshaji, na kila afisa anayepokea pikipiki kutoka kwa mwenzake angepaswa kuyafanya siku hiyo hiyo. Ningeomba hata halmashauri zetu, siku ya kukabidhiana, zisiishie kwenye kusaini daftari. Fundi awepo na spana, nusu saa tu kwa kila mtu.

Yule mama wa Soga bado namtembelea. Msimu uliofuata aliponipigia kuhusu mahindi ilikuwa saa nne asubuhi, na kabla ya saa saba nilikuwa shambani kwake, nimelowa, nina tope mpaka kifuani, lakini nimesimama wima. Viwavi walikuwa bado juu ya majani. Tukapulizia jioni ile ile jua liliposhuka. Sikumwambia habari za siti wala shokapu, angenishangaa. Alinipa mihogo ya kuchemsha na chai, nikala nimekaa kwenye mkeka bila kushika kiuno.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyenunua pikipiki ya mtumba juzi, kabla hujapita dukani kwa wauza spika, ipande, funga macho, shika leva, usikilize mwili unasema nini. Chonga mpini wako kwanza. Tukutane shambani.